Ufundi Shuleni Si Kufagia Uwanja

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wazazi, wajumbe wa kamati za shule na wanakisomo wa vijiji vya Mbulu na Hanang. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)

  Hatutawachosha. Ng'ombe wanataka maji, na jua halimngoji mtu.

Sisi tunaosema nanyi leo ni walimu wa shule za msingi pamoja na walimu wa kisomo cha watu wazima. Tumekubaliana kuleta jambo moja tu, nalo ni ufundi na ubunifu katika shule ya msingi.

Tuanze na swali. Ukisikia kwamba leo watoto wana kipindi cha kazi za mikono, unafikiri wanafanya nini? Tumewauliza wazazi wengi swali hili, na majibu hayatofautiani sana. Wanafagia uwanja. Wanachota maji ya mwalimu. Wanaleta kuni. Wanalima shamba la shule. Na siku ya kutoa alama ikifika, kila mtoto analeta ufagio. Basi, ndiyo kazi ya mikono hiyo.

Sasa tuseme ukweli. Mtoto aliyelala bila ufagio, asubuhi mama yake akakimbia kwa jirani kumwazimia, amejifunza nini? Amejifunza kwamba mwalimu anataka ufagio. Hakuchagua majani. Hakupima mpini. Hakujaribu kuona kama ufagio wake unazoa vumbi au unalirusha tu machoni pa watu. Alama amepata, ufundi hakupata.

Hatusemi kufagia ni vibaya. Uwanja mchafu huleta maradhi, na shule yenye uchafu haifai kuitwa shule. Lakini usafi ni usafi, na ufundi ni ufundi. Tukiviita kwa jina moja tunawapotosha watoto, na sisi wenyewe tunapotea.

Ufundi ni nini basi? Fundi huanza na shida iliyopo. Anaitazama. Anapima. Anafikiri, anachora, kwenye karatasi au kwenye mchanga au kichwani mwake tu. Anatengeneza. Kisha anajaribu, na kitu kikikataa anauliza kwa nini, anarekebisha. Kwa maoni yetu huko kurekebisha ndiko kwenye elimu hasa, na ndiko tunakokuruka kila mara.

Twende kwa majirani zetu Wahadzabe wa Yaeda Chini. Wapo watu wanaodhani kwamba Mhadzabe hana ufundi kwa sababu halimi wala hafugi. Watu hao wangetazama mishale mkononi mwa mwindaji mmoja. Mshale wa kupigia ndege hauna chuma, ncha yake ni mti uliochongwa. Mshale wa mnyama mkubwa una ncha ya chuma iliyopakwa sumu, na chuma hicho mara nyingi ni msumari uliopondwa ukiwa baridi mpaka ukawa bapa. Nyuma kuna manyoya, ili mshale uende moja kwa moja usiyumbe. Mtoto wa kiume hupata upinde wake angali mdogo sana. Anapiga, anakosa, anauokota mshale, anautazama kwa jicho moja, anaunyoosha kwa meno, anapiga tena. Hapo kuna kupima, kuna kujaribu, kuna kurekebisha. Mtoto huyo akiingia darasani kwetu tunamwambia akae kimya anakili ubaoni kwamba zana ni kifaa cha kufanyia kazi!

Nanyi wenyeji wa Kainam na vilima vya Irqwar Da'aw mnazijua habari za nyumba za wazee. Zilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo likawa sawa na ardhi ya juu, hata adui aliyekuja kutafuta ng'ombe asiione nyumba kwa mbali. Paa la udongo ni zito, likilowa huzidi uzito, kwa hiyo nguzo hazikuwa za kuokoteza. Mzee alijua mti upi unavumilia mchwa na upi unavunjika ghafla bila kulia kwanza. Leo tunaezeka bati. Bati ni zuri, halivuji, na ukiliwekea mfereji linakupa maji ya mvua. Lakini nyumba ya bati inachoma saa 8 mchana, na usiku baridi ya Mbulu inaingia mpaka ndani ya blanketi. Tembe haikuwa hivyo. Je, kuna mtoto aliyewahi kuulizwa kwa nini? Jaribio lake halina gharama. Chukua vyungu viwili vilivyo sawa. Kimoja kifunike kwa kipande cha bati, kingine kwa udongo wenye unene wa vidole vinne. Viache juani, kisha watoto waingize mkono. Baada ya hapo waulize: tukitaka faida ya bati bila joto lake, tufanyeje? Mmoja atasema dari. Mwingine atasema nyasi juu ya bati, na wenzake watamcheka. Waache wacheke, halafu wajaribu na hiyo ya nyasi.

Sasa tuje kwa punda. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu somo hili ndilo tunaloomba shule zetu zianze nalo.

Wilaya zetu hizi zinabebwa na punda. Maji ni punda. Mahindi kwenda mashineni ni punda. Kuni ni punda. Na wanaomswaga ni watoto, wengine hata darasa la 3 hawajafika. Haya, mtu aende kisimani asubuhi ahesabu: kati ya punda 10 atakaowaona, wangapi wana kidonda mgongoni? Wangapi wana makovu meupe pale kamba inapopita? Tumezoea kuona vidonda vile kama sehemu ya punda, kama masikio yake. Lakini kidonda kile ni kazi ya fundi mbaya, na fundi huyo ni sisi tuliofunga mzigo.

Kipindi cha kwanza watoto hawatengenezi kitu. Wanatazama tu. Mwalimu anamleta punda mpole uwanjani, watoto wanampapasa mgongo kwa kiganja. Watagundua kwamba katikati, juu kabisa, kuna mfupa, na mfupa huo umefunikwa na ngozi tupu. Kushoto na kulia kwake kuna nyama. Mwalimu anauliza: kamba yetu inapita wapi? Inapita juu ya mfupa. Kidonda kiko wapi? Kiko juu ya mfupa. Hapo hamhitaji tena maelezo ya mwalimu. Watoto wachore punda kwa ubavu, kisha wamchore kama anavyoonekana kwa mtu aliye juu ya mti, na watie alama mahali penye vidonda.

Kisha hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Punda wetu wengi hubeba madumu 4, maana yake kilo 80. Wataalamu wa mifugo hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usipite theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wa kilo 150 basi abebe kilo 50. Madumu mawili, na tandiko lake, inatosha. Tunajua mnanung'unika. Mtu anasema, mwalimu, kisima kiko mbali, nikipakia madumu mawili nitakwenda mara ngapi? Ndugu, swali hilo ni zuri sana, nalo ndilo swali la kifundi. Liweke, tutalirudia tukifika kwenye mkokoteni.

Kipindi cha pili ni kupima kwa kamba. Upana wa mgongo, urefu kutoka bega mpaka kiuno, mzunguko wa tumbo. Kila kundi liandike vipimo vyake kwenye daftari, kisha walinganishe. Watashangaa kuona makundi matatu yamempima punda mmoja na kupata vipimo vitatu. Nani amekosea? Wapime tena. Mtoto aliyepima tena mwenyewe kwa sababu hesabu imekataa, huyo hawezi kusahau sentimita maisha yake yote.

Halafu wanatengeneza. Vifaa ni gunia kuukuu, majani makavu au maganda ya mahindi, kamba ya katani, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Wanashona mito miwili mirefu, kila mmoja ukae upande mmoja wa uti wa mgongo. Mito hiyo inaunganishwa kwa mikanda miwili ili katikati pabaki nafasi, kama mfereji, ambamo mfupa unapita bila kuguswa na kitu. Mzigo unaning'inia sawasawa pande zote mbili. Watu wa pwani wana mifuko miwili ya kumtwika punda namna hiyo, huiita shogi, na hakuna ubaya kuiga jambo jema la pwani.

Kipindi cha nne ni kujaribu. Punda avishwe tandiko, apakiwe, aende kisimani na kurudi. Tandiko likivuliwa watoto watazame manyoya. Palipolala sana na kulowa jasho ndipo palipobanwa. Kundi moja litakuwa limejaza majani mno, mto umekuwa mgumu kama gogo, umeviringika mpaka tumboni. Kundi jingine limejaza kidogo, mto umelala bapa na mfupa umeguswa. Vizuri! Wafumue, wajaze upya, warudi kisimani. Mwalimu asiwahi kutoa alama siku ya kwanza. Alama itoke baada ya tandiko la pili au la tatu, na mtoto aeleze amebadili nini na kwa nini. Maelezo hayo ayaandike. Hapo kusoma, kuandika na kuhesabu vyote vimefanya kazi siku moja, na kidonda kimeanza kukauka.

Sasa lile swali la mwendo wa kisimani. Jibu lake ni magurudumu, maana punda huvuta uzito mkubwa kuliko ule anaoweza kubeba mgongoni. Lakini tazama tunavyomfunga kwenye mkokoteni. Tunachukua nira ya ng'ombe, tunamtia nayo shingoni. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana nundu, na nira inakaa mbele ya nundu, naye anaisukuma kwa nguvu zake zote. Punda ana nundu? Hana. Nira inamkwaruza mifupa ya mabega na kumkaba koo. Nguvu ya punda iko kifuani. Anataka ukanda mpana wa kifua, wa ngozi au wa turubai au wa mpira wa tairi uliowekewa kitambaa laini, uwe chini ya koo na juu ya kiungo cha bega, na kamba mbili za kuvutia ziende nyuma mpaka mkokotenini. Waulize watoto wa darasa la 5: kwa nini chombo kimoja kinamfaa ng'ombe na hakimfai punda? Waache wabishane. Kesho yake walete ng'ombe na punda, wawatazame kwa pamoja.

Na nira yenyewe ina somo lake, hatutaliingia sana. Nira ya kulimia ni fupi. Nira ya kupalilia mahindi lazima iwe ndefu zaidi, kwa sababu ng'ombe wanatembea kati ya mistari na hawatakiwi kukanyaga miche. Urefu wake unatokana na nafasi ya mistari ya shambani kwako. Anayepanda kiholela hawezi kuipimia nira.

Mtauliza, nani atashona? Wasichana tu? La, hasha. Wote washone na wote wachonge. Lakini tukitaja kushona tuseme pia kwamba tunao walimu ambao hatujawaita. Mama wa Kibarbaig anayetengeneza sketi ya ngozi yenye vipande vyembamba visivyohesabika anajua ngozi ipi inanyooka na kwa upande upi, anajua kuilainisha, anajua kisu kipite wapi. Hana cheti. Ukanda wa kifua wa punda ni kazi ndogo sana kwake. Vivyo hivyo wahunzi wa Kidatoga kule upande wa Ziwa Eyasi, wanaofua ncha za mishale, visu na bangili kwa vyuma chakavu na kufuli zilizovunjika, wakitumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi na makaa. Zamani wahunzi hao walikuwa watu wa ukoo wao peke yao, koo nyingine hazikuoana nao. Watu walitaka mkuki wa mhunzi lakini hawakumtaka mhunzi. Tuseme ukweli, dharau hiyo tunayo mpaka leo kwa namna nyingine. Mwenye shati jeupe anaitwa mheshimiwa, na aliyemjengea mheshimiwa nyumba anaitwa "we fundi!"

Lipo somo jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya, ijapokuwa ni zito. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima iliyokuwa imenyonya maji ya mvua ilimeguka na kuwa tope. Hatusemi kwamba matuta ya watoto wa shule yangezuia jambo kubwa kama lile. Hapana, kusema hivyo ni kuwadanganya wafiwa. Tunasema kwamba mtoto anayekua chini ya mlima anapaswa kujua mteremko na maji vinafanyaje kazi, kama mtoto wa pwani anavyojua bahari. Tengenezeni vilima viwili vidogo vya udongo nyuma ya darasa. Kimoja pandeni majani na chimbeni makinga maji, kingine kiacheni kitupu. Mwagieni maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Pimeni tope lililokusanyika chini. Kisha mtembee na watoto kijijini, wachore korongo linapita wapi, nyumba zipi ziko kwenye njia ya maji, na watu wakimbilie wapi mvua ikizidi. Ramani hiyo ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji. Asiitupe kwa sababu imechorwa na watoto.

Sasa wapo watakaosema: mambo haya tuliyasikia zamani. Ni kweli. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Mkiyasoma, na ninyi wanakisomo mnaweza kuyasoma, mtaona hakutaka shamba la shule liwe mahali pa kutumikisha watoto. Alitaka wanafunzi wapange kazi na kushiriki katika maamuzi, waelezwe habari za mbolea darasani kisha waione ikifanya kazi shambani. Lakini mahali pengi tulichukua jembe tukaacha maarifa. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Ukimwadhibu mtoto kwa jembe miaka 7, kisha ukamwambia jembe ni heshima, atakuamini vipi?

Baadaye, miaka ya 1970, vikaanzishwa vituo vya ufundi stadi penye shule za msingi, ili waliomaliza darasa la 7 wajifunze uashi, useremala na kazi nyingine kwa miaka miwili. Wazo lilikuwa zuri. Vituo vingi vikakosa vifaa na walimu, vikafifia. Katika mtaala wa mwaka 2005 kukawa na somo la Stadi za Kazi, na baada yake Sayansi na Teknolojia. Majina yamebadilika. Ufagio umebaki ule ule.

Kwa nini tunalisema jambo hili sasa, na kwa haraka? Kwa sababu tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza kutumika hatua kwa hatua. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima ni miaka 10. Sekondari ina mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa kujifunza kazi kama vile kilimo, ujenzi, umeme na ushonaji. Maana yake, mtoto wako akiwa na umri wa miaka 12 au 13 atakuwa njia panda. Mtoto ambaye mkono wake haujawahi kushika randa, hajawahi kupima kitu na kukitengeneza kikakataa na kukitengeneza tena, atachaguaje? Atabahatisha. Na sisi wazazi tutamsaidia vibaya, kwa sababu tutasema amali ni ya walioshindwa. Tukisema hivyo tutapeleka huko watoto waliokata tamaa, kisha tutalalamika kwamba mafundi wetu hawafai. Mambo hayo yanaanza darasa la 3 na ufagio, hayaanzi sekondari.

Wengine watasema tungoje serikali itujengee karakana. Hapo tuna mawazo yetu. Majirani zetu wa Kenya walipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kazi za mikono ziliingia shule za msingi kwa nguvu, na wazazi wakatakiwa wachange kujenga karakana. Ulikuwa mzigo mkubwa, na shule nyingi hazikuwa na vifaa wala walimu wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la 8. Walianza na jengo. Sisi tunashauri tuanze na fundi, kisu na kamba ya kupimia, jengo lije baadaye likitaka kuja. Nchi ya Ufini iliweka kazi za mikono kuwa somo la lazima katika shule zake mwaka 1866, na wakati huo ilikuwa nchi maskini ya wakulima wenye njaa. Hawakungoja utajiri kwanza.

Wala tusidhani teknolojia ni mashine kubwa tu. Wazee wa Hanang wanakumbuka mashamba ya ngano ya serikali pale Basotu, yaliyolimwa kuanzia miaka ya 1970 kwa matrekta na mashine za kuvunia kwa msaada wa Kanada. Mashamba yale yalichukua malisho ya Wabarbaig, na malalamiko yake yalifika mahakamani, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Tunachosema ni kwamba mtoto wa pale aliiona mashine kubwa ikipita, akapunga mkono. Tandiko la punda anaweza kulifumua mpaka uzi wa mwisho.

Kuhusu mtihani: ni kweli mtihani wa taifa hautauliza kidonda cha punda. Lakini utauliza theluthi, utauliza mzunguko, utauliza uzito na vipimo. Mwashi wa kijijini anayenyoosha kona ya nyumba kwa kamba yenye vipimo vya 3, 4 na 5 anafanya hesabu ambayo wanafunzi wa sekondari hulia nayo. Mwiteni aje aifanye mbele ya darasa la 6, kwa kamba na vigingi vitatu.

Na usalama? Mama mmoja ametuuliza kabla hatujaanza, naye ana haki. Darasa la 3 na la 4 washike shazia, udongo, kamba na gunia. Patasi, msumeno na tezo vingoje darasa la 5, na siku hiyo awepo mtu mzima mwingine pamoja na mwalimu, watoto wasizidi sita kwa zana moja. Fundi akija naye asirudi mikono mitupu. Kamati ya shule ikae iamue kama ni debe la mahindi au kitu kingine, lakini iamue mapema, si baada ya fundi kununa.

Ninyi wanakisomo, kalamu mnayo. SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kule Arusha kipo CAMARTEC, kituo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981 kushughulikia zana za kilimo na teknolojia za vijijini. Andikeni barua muulize habari za mikokoteni ya wanyama na lijamu za punda. Barua fupi, yenye jina la kijiji na swali moja, hujibiwa upesi kuliko barua ndefu ya salamu.

Tukianza wiki ijayo, mahitaji yetu ni machache. Magunia makuukuu kumi. Shazia tatu. Kamba ya katani. Mtu mwenye nira mbili alete zote, ile nzima na ile iliyovunjika, maana iliyovunjika itatufundisha zaidi. Akina mama wawili wanaojua ngozi watupatie asubuhi moja. Na mwenye punda mpole, asiyepiga mateke, amwone mwalimu mkuu kabla hatujatawanyika.